Sauti ya Fundi Chakavu Jikoni kwa Mama

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Leo tunamkumbuka fundi wa kompyuta wa shule, mtu ambaye mtaani mlimjua kwa jina la Fundi Chakavu. Amefariki. Narudia kwa mliochelewa kufungua redio: Fundi Chakavu amefariki, na tumeshamzika. Alikuwa kaka yangu wa tumbo moja.

Mkuu wa vipindi aliniuliza kama mtangazaji mwingine asome badala yangu. Nikamwambia nitasoma mwenyewe. Msinisifu. Mtu aliyelalia mkono mpaka ukafa ganzi hasifiwi kwa kutosikia sindano. Tangu siku ile mimi niko hivyo, mwili mzima. Naoga, nakula, nasoma taarifa ya habari. Machozi hayajatoka.

Jina la Chakavu alipewa na Mama. Kaka akiwa mdogo, kitu kikitupwa nyumbani kwetu kilikuwa kinarudi. Pasi iliyokatika waya inarudi. Saa iliyosimama inarudi, imefungwa mpira. Mama akawa anasema, "Chakavu wangu, siku moja utanirudishia hata maganda ya vitunguu." Jina likamganda. Hata harusini kwake mshereheshaji alilitumia, na wifi yangu akacheka mpaka wanja ukamchuruzika.

Alipoajiriwa shuleni alikabidhiwa zile kompyuta ndogo za bodi moja. Kwa msiozijua, ni kompyuta kamili iliyo kwenye kibao kimoja, ukubwa wa karata. Haina kioo, haina kibodi, haina hata kasha. Watoto walijifunzia hizo. Miaka ikapita, zikaja nyingine zenye kasi, na zile za zamani zikatiwa kwenye boksi, boksi likawekwa karibu na pipa la taka. Kaka akaomba ruhusa akalibeba. Alilikumbatia njia nzima kama mtu aliyetumwa keki.

Mwalimu mkuu anakumbuka. Anasema, "Nilimwambia, fundi, hizo zimekufa. Akaniambia, Mwalimu, hazijafa. Zimepata uhamisho."

Uhamisho. Hilo ndilo lilikuwa neno lake, wasikilizaji. Kwake kompyuta ya zamani ilikuwa mtumishi aliyechoka na kituo kimoja, basi anapelekwa kingine chenye kazi nyepesi. Moja ilikwenda zahanati kulinda friji la chanjo. Joto likipanda, simu ya muuguzi inalia. Nyingine ilikwenda kwa mwoka mikate, inaangalia tanuri. Kila moja aliibandika karatasi: "Zamani mwanafunzi, sasa mlinzi." Mtu akimcheka, anamjibu, "Kusoma joto kunahitaji akili kiasi gani? Unataka kumwajiri profesa akae mlangoni?"

Muuguzi ananiambia hivi: "Dada, ile yangu inakula umeme kidogo kuliko taa ya choo. Na haijawahi kuniomba likizo."

Ile ya mwisho ilikwenda jikoni kwa Mama.

Mama yetu ni mzima wa akili, ila jiko linamponyoka. Anabandika birika, anatoka kuanua nguo, anakutana na jirani, mazungumzo yananoga. Mara mbili sufuria liliungua likawa jeusi tii. Mara ya pili pazia lilishika moto. Kaka akaja na kibao chake ndani ya kisanduku cha sabuni, akakifunga juu ya kabati, pembeni ya redio ya Mama. Kina kipimo cha joto, kina jicho dogo la umeme linalojua kama kuna mtu jikoni, na kina spika ndogo aliyoitoa kwenye simu mbovu. Jiko likiwaka bila mtu, kisanduku kinaita kwa sauti ya Kaka mwenyewe: "Mama, jiko!" Asipokuja, kinaita tena, na hapo Kaka alirekodi akiwa amekasirika: "Mama, nimesema jiko!"

Mama naye anakijibu. "Haya baba, nimesikia, usinipigie kelele." Tulikuwa tunacheka.

Kaka alianguka akiwa kazini. Ni moyo. Alifikishwa hospitali akiwa ameshafariki. Sina zaidi ya hapo kuhusu siku hiyo. Najua nilikuwa nimevaa kiatu kimoja simu ilipoingia.

Tuliporudi kutoka makaburini nyumba ilijaa watu. Kina shangazi walibandika maji ya chai, kisha wote wakatoka uani kupokea wageni. Ndipo tukamsikia. "Mama, jiko!" Shangazi mmoja aliangusha sinia. Hakuna aliyesogea, kwa hiyo akaita tena, amekasirika. "Mama, nimesema jiko!" Mama alikuwa ameketi mkekani, macho chini. Akasema taratibu, "Nendeni mkazime, msimsumbue."

Jioni ile mjomba akaja juu. "Mtu amezikwa, hawezi kubaki anaamrisha watu jikoni. Kitoeni." Wifi yangu, mjane wake, akamjibu bila kuinua sauti, "Mjomba, tukikitoa, Mama ataungua humu ndani. Utakuja kukaa naye wewe?" Mjomba akasema kinunuliwe kinachopiga filimbi. Wifi akasema filimbi Mama hataijali, atadhani ni watoto wa jirani. Kila mmoja alikuwa na lake, na Mama hakuulizwa.

Nikasema nitarekodi mimi. Kazi yangu si ni sauti? Nikaja hapahapa studio. Nikasema, "Mama, jiko." Fundi mitambo akanitazama kupitia kioo. "Dada, rudia. Umesoma kama taarifa ya habari." Nikarudia. Akaniambia sasa imekuwa kama tangazo la kifo. Ya tatu akaihifadhi, akanitumia kwenye simu.

Wifi akachomoa kadi ya kumbukumbu ya kile kibao, akaweka sauti yangu mahali pa ile ya Kaka, akairudisha. Mimi nikakaa sebuleni kusubiri. Mama akabandika birika, akatoka, akasahau. Kisanduku kikaita kwa sauti yangu.

Mama akarudi jikoni mbio. Nilikuwa nimeshasimama mlangoni, nyuma yake, hakuniona. Hakuligusa jiko. Alikitazama kile kisanduku cha sabuni muda mrefu. Kisha akakiuliza, kwa sauti ileile anayokuulizia kama umeshakula:

"Na wewe umekufa lini?"

Nikasema, "Mama, niko hapa." Akageuka. Akanishika mkono, akaubonyeza kama anayepima embe kama limeiva, akaenda kuzima jiko. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania. Mama hutania bila kucheka.

Siku hiyohiyo wifi aliirudisha sauti ya Kaka. Mama mwenyewe ndiye aliyetoa agizo. Alisema, "Yeye muacheni jikoni. Huyu wangu mzima aje kwa miguu." Mjomba alikunja uso, kisha akaomba chai.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa wifi yangu, kwa walimu na wanafunzi, kwa muuguzi na mwoka mikate. Pole kwa mjomba. Yangu nimeipokea, nimeiweka, nitaifungua ganzi ikiachia. Nanyi huko nyumbani, fungueni droo zenu. Kile kibao mlichokiita kizee hakitawaonyesha filamu, ni kweli. Lakini kinaweza kulinda friji, tanki la maji, jiko la mzazi wako. Kabla hujakitupa, jiulize kama kimekufa au kinasubiri uhamisho. Na hao wazee wenu, ni nani anayewaita jiko likiwaka?

Sasa naomba radhi, dakika iliyobaki si yenu. Saa hizi Mama huwa anapika, na redio yake iko wazi.

Mama, ni mimi. Hii ni redio, si kisanduku. Mimi sijafa. Nimekufa ganzi tu. Nikitoka hapa nakuja kwa miguu.

Na jiko, Mama. Jiko.