Miaka Thelathini na Mmoja ya Kusikiliza Matairi

Tarehe 30 Juni 2004, saa kumi kamili alasiri, fundi Djibril Saleh atavua ovaroli yake ya bluu kwa mara ya mwisho katika nyumba yetu ya matairi, Pneu-Lac. Aliingia kazini tarehe 2 Julai 1973, kwa hiyo anatuachia miaka thelathini na mmoja kasoro siku mbili. Katika muda huo wote amekosa kazi siku kumi na tisa: saba za malaria, tisa za misiba, tatu za harusi ya binti yake. Mimi Assia, mwenye daftari la mahudhurio, nimezihesabu ukurasa kwa ukurasa, mtu asije akasema ni ishirini.

Djibril ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa hapa Bujumbura. Alianza kwa kuziba pancha za baiskeli karibu na soko, akaja kwetu akiwa na miaka ishirini na minne, hajui mashine ya kubalansi, lakini anajua mpira. Alipandishwa kuwa fundi daraja la tatu mwaka 1981. Anastaafu akiwa fundi daraja la tatu. Jambo hilo nitalirudia nikipata nafasi.

Wageni hushangaa wakiambiwa kwamba mtu huyu, ambaye madereva wa mji mzima humwuliza tairi lipi liende kwenye gari lipi, hana leseni na hajawahi kushika usukani. Yeye hukaa kiti cha pembeni, hufumba macho, huweka viganja juu ya magoti na kusikiliza. Tairi jipya, husema, linavuma kama nyuki walio ng'ambo ya mto. Tairi lililokaa sana juani linakoroma. Lenye kipara upande mmoja linasema maneno mawili mawili, kama mtu anayeficha jambo. Gari likisimama hukaa kidogo bila kufumbua macho, kama mtu anayesubiri ndoto imalizike, kisha huteremka na kusema, "Ngoja nilale nalo."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Jibu la Djibril halikutoka siku ileile. Mteja alirudi kesho yake asubuhi. Mfanyabiashara mmoja wa mitumba alimjia juu: "We Djibril, mi nanunua tairi ama nanunua ndoto?" Djibril akamjibu kwa upole, "Ndoto sikuuzii, nakuongezea bure." Kesho yake yule bwana alirudi, wa kwanza mlangoni.

Waliofanya kazi nasi miaka ile ya vita wanaikumbuka ghala yetu saa saba mchana. Mji unanyamaza. Minara myeusi ya matairi imesimama hadi darini, harufu ya mpira na unga wa talki, upepo wa ziwa unapita kwenye vipenyo vya dirisha na kuzungukazunguka ndani ya matairi matupu mpaka ghala yote inanong'ona. Ng'ambo, milima ya Kongo ya bluu, kama imechorwa juu ya moshi. Djibril ameshaswali, amejilaza katikati ya minara, kofia usoni. Huko nje kunaweza kusikika jambo lolote. Humu ndani palikuwa kama tumboni mwa kitu kikubwa chenye subira.

Kwenye rafu ya mwisho kabisa walilala wageni wetu. Mwanzoni mwa 1993 mkurugenzi wetu, shefu Népomuscène, aliagiza seti nne za matairi ya mwendo mkali, ya kiangazi cha Ulaya, kwa ajili ya wenye magari madogo ya mbio: seti moja ya Kijerumani, moja ya Kifaransa, moja ya Kijapani, moja ya Kitaliano. Zote 195/55, rimu 15. Yalipofika, vita vilikuwa vimeanza na wenye magari walikuwa wameondoka, wengine kwenda Ulaya, wengine kwenda tusikouliza. Matairi kumi na sita yakabaki. Kila mwanzo wa mwezi Djibril aliyageuza robo mzunguko, akayapaka talki, akayafunika shuka. Vikwazo vya 1996 vikafunga mipaka, na shuka lile bado liko palepale. Alikuwa anayatunzia nani? Alisema atakuja mwenyewe.

Alikuja Oktoba 1998. Épiphanie, muuguzi wa hospitali moja ya huko Gitega, alisimamisha mbele ya lango letu Peugeot 405 nyekundu, vali kumi na sita, gari la mbio kabisa. Daktari mmoja mgeni alikuwa ameliacha alipokimbia, na pikapu ya hospitali ilikwisha kuchomwa moto. Basi kila wiki Épiphanie aliteremka Bujumbura kuchukua damu, akaipandisha milimani ndani ya gari hilo, kwenye masanduku ya barafu, akifuata konvoi ya jeshi. Barafu ilidumu saa tano. Matairi yake yote manne yalikuwa vipara, na huko milimani mvua zilikuwa zimeanza.

"Muzehe," alimwambia Djibril, "mi siombi mbio. Naomba tu nikikanyaga breki, gari inisikie."

Shefu hakutaka majaribio. Tairi likishaonja lami si jipya tena, alisema, na hapo simlaumu. Lakini Djibril alisimama mbele ya meza yake bila kusema neno, na Djibril akinyamaza mtu huchoka haraka. Tukakubaliwa siku moja: Jumanne, tarehe 20.

Tulichagua lami iliyonyooka upande wa Kibenga, karibu na ziwa, ambako miaka ile ungeweza kusubiri nusu saa usione gari. Mjini mvua ilikuwa bado, tukabeba maji yetu kwa madumu, bidoni sitini. Nilichora mstari wa chaki. Épiphanie alikuja kwa kilomita sitini kwa saa, Djibril pembeni macho yamefumbwa. Kwenye mstari akakanyaga breki. Nami nikahesabu hatua mpaka gari liliposimama. Hatua yangu ni sentimita sabini, niliipima kwa rula kabla ya kuondoka nyumbani. Kila seti mara tatu, na kila mara tulimwaga bidoni tano mpya. Mama mmoja jirani alisimama mlangoni kwake akatucheka: "Jameni, mnaosha barabara? Mukimaliza hapo mukuje na kwangu!" Tulicheka naye. Hakuna aliyelisikiliza alilolisema.

Namba zilitoka hivi. La Kijerumani, lililotangulia: 31, 29, 27. La Kifaransa: 28, 27, 26. La Kijapani: 27, 26, 25. La Kitaliano, la mwisho: 25, 24, 24. Ilikuwa saa tisa, Épiphanie anatakiwa kwenye konvoi ya kesho asubuhi. Djibril akasema alilolisema siku zote, ngoja nilale nalo.

"Leo hakuna kulala," shefu akakata. "Namba zimeongea."

Na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mitano Djibril akatoa jibu jua likiwa bado juu. La Kitaliano. Épiphanie akaondoka nalo. Shefu akalipiga jedwali langu kwa mashine, akaweka sahihi yake chini, jina la Djibril halimo, la aliyehesabu hatua halimo. Jioni, kabla ya kufunga, Djibril alichukua rimu za akiba na kuzivisha matairi ya Kijerumani, yote manne, akayajaza upepo. Nilimwuliza ya nini. Alisema hajui, mikono tu.

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu, nilimkuta langoni anahema. Alikuwa amekimbia toka Buyenzi, kandambili mkononi.

"Assia, nimeota tunaosha sahani. Sahani moja, wageni wanne. Wa kwanza kala kwenye masizi, wa mwisho kala kwenye sahani inayong'aa. Halafu tunamsifu wa mwisho kwamba anakula kwa usafi!"

Nilifungua daftari. Sihitaji ndoto kusoma namba, lakini siku ile ndoto ilinitangulia. Tairi la kwanza: 31, 29, 27. Tairi haliwi bora kwa kukanyaga mara tatu. Ni lami iliyokuwa inakuwa safi. Vumbi la miezi mitatu ya kiangazi, mafuta ya malori, yote tuliyasukumia mtaroni kwa bidoni zetu wenyewe, na kila seti ilikuta barabara safi kuliko iliyotangulia. Kule mlimani hakuna mtu anayeosha barabara. Mvua inateremsha udongo mwekundu juu ya lami. Nikachukua rula. Mifereji ya tairi la Kijerumani: minne, kina milimita nane. Ya Kitaliano, kwa daftari la jana: miwili, milimita sita na nusu. "Tope linataka mlango wa kutokea," Djibril akasema.

Tulisimamisha teksi, magurudumu mawili kwenye buti, mawili mapajani mwetu. Tulifika kaskazini mwa mji, magari ya konvoi yanakojipanga, saa mbili kasoro dakika kumi na tano. Djibril alikwenda moja kwa moja kwenye 405 na kuingiza jeki chini yake.

"Muzehe, jana si umesema haya ndiyo mazuri?"

"Jana nilisema macho wazi. Leo nimelala."

"Damu iko kwenye barafu, muzehe. Konvoi ikienda bila mi, hii damu ni ya kumwaga. Kuna mama anaingojea."

"Nipe dakika ishirini na tano."

Askari mmoja akaja anapiga kelele. "We muzehe, toka! Konvoi haingojei mutu!"

"Siombi ingoje, mwanangu. Naomba tu usinisemeshe nikiwa nafunga nati."

Askari, sijui kwa nini, akainama akamshikia spana. Nati kumi na sita zilifunguka, nati kumi na sita zikafungwa. Magari ya mbele yalishaanza kuondoka tukiwa kwenye gurudumu la nne. Dakika ishirini na tatu kwa saa yangu. Épiphanie hakuaga, alitupa mkono dirishani akaenda kujiunga mkiani, nyuma ya lori la maharage. Wingu lilikuwa limekaa juu ya Bugarama, kilele cha njia ya Gitega, kama blanketi bichi.

Alirudi siku mbili baadaye. Alikaa juu ya rundo la matairi, akaomba maji, akasimulia huku anatazama glasi. Wakiteremka kutoka Bugarama kwenda Muramvya, mvua ikipiga, lami yote udongo mwekundu, kwenye kona alikuta lori la maharage limekaa kimshazari, limeziba njia nzima. Alikanyaga breki. Gari, alisema, lilimsikia. Lilivuma, likashika, likasimama. Aliteremka akahesabu, kwa sababu alikuwa ameniona nikihesabu: kati ya boneti yake na lori palibaki hatua mbili. Damu ilifika, barafu bado ngumu. Mama aliyekuwa akiingojea yuko hai, na mtoto aliyemzaa siku ile ana miaka mitano na miezi minane.

Djibril aliomba kurudia jaribio. Épiphanie alituachia gari siku nne, kila seti siku yake, kila seti na kipande chake cha lami ambacho hakijaguswa na maji. Matokeo, kwa udongo na mafuta yaleyale: la Kijerumani hatua 30, la Kifaransa 32, la Kijapani 33, la Kitaliano 35. Tofauti ya wa kwanza na wa mwisho ni hatua tano. Épiphanie alibakiwa na mbili. Toa mbili kwenye tano: hatua tatu, mita mbili na sentimita kumi, ndani ya lori.

Jedwali la kwanza, lile la barabara iliyooshwa, limetundikwa kwenye fremu kaunta kwetu tangu siku ile. Nimeomba kwa barua liondolewe mara tatu: Novemba 1998, Machi 2000, Januari 2003. Nimejibiwa kwamba limeshatiwa sahihi. Lakini programu ya sherehe hii nimepewa mimi kuiandika, na aya iliyo hapo juu ndilo jedwali sahihi, aliyelipima ni fundi Djibril Saleh, na wenye kaunta waje na bisibisi waing'oe ile fremu. Shefu atanisamehe. Na akiwa tayari amekaa kusamehe, aisome tena ile habari ya daraja la tatu. Muda bado upo mpaka saa kumi.

Djibril mwenyewe hakulalamika hata siku moja. Nikimwuliza alikuwa akisema kwamba kona ile haisomi fremu. Ameshawafundisha mafundi sita kufumba macho. Wawili wanasikia kweli, wanne wanasinzia, na yeye anasema hata hao wanne wapewe muda.

Kuna jambo moja hajawahi kulifanya. Katika miaka yote hiyo ya kuyapandisha magari ya wengine milimani, yeye mwenyewe hajafika Bugarama. Barabara imetulia kidogo sasa, na Jumamosi hii Épiphanie anateremka na 405 yake ileile kuja kumchukua. Atapita naye kwenye ile kona, polepole, vioo chini. Ameniambia hatasema ni ipi. Ataangalia tu kama muzehe ataitambua.

Djibril, kwa niaba ya Pneu-Lac yote, kuanzia lango hadi rafu ya mwisho, tunakushukuru kwa kila gari lililosimama pale lilipotakiwa kusimama. Mwenyezi Mungu akupe afya, siku ndefu zisizo na haraka, na wa kukukaribisha kila uendako. Nenda Jumamosi. Ukifika kwenye kona, fumbua macho: huko chini kwenye bonde kuna shule ndogo, na kuna mtoto mmoja wa miaka mitano na miezi minane ameambiwa asimame kando ya barabara akupungie.