Mtaro wa Ofisi Mbili

Benchi liko mlangoni pa Fundi Soli, mshona viatu. Mbele yake upo mtaro uliochimbwa kwa ajili ya bomba ambalo mwaka wa tatu huu halijaonekana. Ng'ambo ndiko anakokaa na mama yake, aliyeishiwa nguvu za miguu. Kila siku ya kliniki Fundi humbeba mgongoni, akashuka naye mtaroni, akapanda naye. Leo asubuhi, akimvusha kwenda kliniki, kiuno kilimlia ko! Hakumwambia mtu. Aliketi na kikombe chake cha kahawa, amechoka hata kubisha.

— Meya ndiye dawa, alianza Spika, fundi redio. Tumempa kura, anatuogopa.

— Anatuogopa mwezi mmoja katika miaka mitano! alijibu Karani, mstaafu asiyeisha kustaafu. Mji unataka mkurugenzi. Mtu kasomea, kaajiriwa.

— Huyo akiboronga anahamishwa. Sisi tunahamia wapi?

— Taratibu bwana. Haba na haba hujaza kibaba. Leo meya, kesho mkurugenzi, mtaro utajaa tu.

— Utajaa maji! Fundi, barua yako ya kuomba mtaro ufukiwe imefika wapi?

Fundi alipumua kwanza.

— Meya kasema utekelezaji ni wa mkurugenzi. Mkurugenzi kasema anasubiri kauli ya meya. Na milango yao inatazamana.

— Basi tuwageuze, Spika akapandisha sauti. Mkurugenzi tumpigie kura, meya tumwajiri kwa majaribio, miezi mitatu!

— Mimi ningewafunga kamba miguuni, alidakia Karani, wavuke mtaro pamoja. Atakayeanguka kwanza ndiye mhusika.

— Na mwenzake?

— Anafukia. Umoja ni nguvu.

Spika alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Fundi hakucheka. Pikipiki iliyotoka kliniki ilikuwa imesimama karibu na benchi, na mama yake alikuwa anashushwa.

— Shikamoo, mama, walimwamkia wote kwa pamoja.

— Marahaba, wanangu. Mnagombania nini?

— Nani anafaa kuendesha mji, mama.

Mama alimtazama mwanawe akiinuka, mkono kiunoni, uso umekunjamana. Akaelewa yote.

— Haya. Na huyu wangu akizeeka, atavushwa na nani?

Spika alimwangalia Karani. Karani aliangalia viatu vyake. Fundi akasogea hadi ukingoni mwa mtaro. Akachuchumaa, akageuza mgongo.

— Panda, mama.

Mama hakupanda mara moja; alimwekea kwanza mkono kiunoni, pale palipolia.