Kapteni Tuulikki Alipovuka Mpaka Bila Kibali

Mheshimiwa Meya wa Kotka, makamanda wa walinzi wa pwani mliotoka Estonia na hapa Ufini, mabaharia, ndugu wageni waalikwa, na wewe Kapteni Tuulikki Heiskala unayestaafu leo: nawasalimu nyote.

Mimi ni Urve Paomets, mlinzi wa ndege wa baharini katika kisiwa kidogo upande wa Estonia. Nimeombwa nimsifu Kapteni, lakini mwenyewe ameninong'oneza pale mlangoni, "Ukizidisha dakika tano, naondoka na keki." Basi nitasimulia jambo moja tu.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, mwezi wa Mei, meli ya mizigo ilipasuka tangi karibu na kwetu. Mafuta mazito yakaanza kusogea kuelekea ufukwe ambako bata wa baharini zaidi ya mia nne walikuwa wakiatamia. Meli yetu ya kusafisha ilikuwa kwenye matengenezo. Nikampigia simu mama huyu, nahodha wa meli ya kusafisha ya hapa Ufini, ambaye sikuwahi hata kumwona.

"Kibali cha kuvuka mpaka kipo?" akaniuliza.

"Wanasema kitatoka kesho kutwa."

"Urve, unataka barua au unataka meli?"

"Meli!"

"Basi teleka kahawa. Nina mabaharia kumi na wawili, wote walafi."

Alifika baada ya mwendo wa saa nne. Kwa siku tatu Wafini na Waestonia walizoa mafuta pamoja, huku wakitaniana ni nani kati yao anayeharibu lugha ya mwenzake. Je, tuliokoa kila kitu? Hapana. Viota thelathini viliangamia, nami nililia bila aibu. Lakini ufukwe ulipona.

Na yeye alipata nini? Wakubwa wake walimwondoa melini kwa miezi sita. Hakulalamika. Alizunguka bandari za pande zote mbili za ghuba hii inayotutenganisha, akiwauliza manahodha: mafuta yakimwagika kwenu leo, nani atakuja, na atasubiri nini kwanza? Majibu yao akayapeleka kwa wakubwa wale wale, mwaka baada ya mwaka.

Leo asubuhi, katika ukumbi huu, nchi zetu zimetia saini mkataba: meli iliyo karibu ing'oe nanga, karatasi zifuate. Mmoja wa waliotia saini ndiye aliyemwadhibu. Yuko pale nyuma, na nimemwona akisimama wa kwanza kumpigia makofi.

Dada Tuulikki, nenda ukapumzike. Ghuba sasa ina watu wengi wa kuitikia simu.

Ndugu zangu, asanteni sana kwa kunipa masikio yenu.