Fundi Bulugu na Boti Iliyonuka Rubisi

Tarehe 30 Juni 2006, Mzee Samweli Bulugu, fundi mkuu wa karakana ya mradi wetu wa maji hapa Ngara, anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Katika miaka yote hiyo amechelewa kazini mara moja tu. Siku hiyo alikuwa amesimama kando ya barabara akimtazama fundi baiskeli ananyoosha uma uliopinda kwa namna ambayo yeye hajawahi kuiona. Aliiandika sababu hiyo kwenye daftari la mahudhurio, na akachora na mchoro.

Kamati ya sherehe iliniomba mimi, Francisca, mtunza stoo, niandike wasifu huu kwa kuwa nimekaa naye karibu tangu mwaka 1993. Nadhani walitarajia niandike habari za pampu. Nitaziandika, ila kwa ufupi, maana kuna boti moja ambayo siwezi kuiruka.

Mzee Bulugu alizaliwa mkoani Shinyanga mwaka 1946, akahamia Nyamahanga, Biharamulo, pamoja na wazazi wake na ng'ombe wao. Mwaka 1979 aliajiriwa kama kibarua wa kupaka grisi. Inasemekana mwezi haukuisha kabla hajafungua pampu ambayo hakuna aliyemwomba aifungue, akaifunga tena, na ikaacha kupiga kelele. Kuanzia hapo hakuna aliyemrudisha kwenye grisi. Yeye huweka ncha ya bisibisi kwenye mashine na mpini sikioni, husikiliza, hutikisa kichwa, kisha huanza kuuliza maswali. Amemuuliza daktari kwa nini kipimo cha presha kina pampu ya mkono. Alimuuliza paroko kengele ya kanisa ilimiminwa kwa udongo gani. Sisi wa stoo tumezoea. Mafundi wengine huja kuchukua bolti, Bulugu huja kuchukua bolti na kujua imetoka nchi gani.

Sasa boti.

Wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka Rusumo kwa maelfu mwaka 1994, maji ya kambi yao yalitoka kwenye bwawa moja. Mdomo wa bomba la kuvutia maji ulikuwa katikati ya bwawa, na kila baada ya siku mbili uliziba kwa majani. Mwanzoni mwa mwaka 1995 tuliletewa boti ndogo ya faibaglasi, ya kubeba watu watatu, ili mtu aende kuusafisha. Ilikuwa nyeupe, laini ndani kama bakuli, na kwa mtu aliyekulia migombani kama mimi ilifanana kabisa na mtumbwi wa kukamulia ndizi za pombe.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Agosti mwaka ule mdogo wangu Anatoli alikuwa anaoa kwetu Nyakisasa. Mtumbwi wa familia, ule wa gogo, ulikuwa umepasuka, na wa jirani ulikuwa umeazimwa kwenye arusi nyingine. Boti nayo ilikuwa imeletwa kwenye ua wa stoo wiki hiyo, ikisubiri injini itengenezwe. Niliipakia kwenye gari lililokuwa linaelekea huko. Ili wakanyagaji wapate nafasi nilifungua benchi la ndani mwenyewe, skrubu nane. Wanaume wanne walikanyaga ndizi na nyasi humo asubuhi nzima, juisi ikatoka ya kutosha, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikaiva. Boti tukaiosha, benchi nikalirudisha, na Jumatatu ilikuwa uani imetulia. Nilijiona mjanja sana.

Oktoba, siku ya Jumatatu, sakafu ya boti ilivunjika chini ya mguu wa msafishaji katikati ya bwawa. Alirudi ukingoni akiwa amelowa mpaka kifuani. Mhandisi wetu wa wakati huo alizitazama nyufa zile na kuamua kwamba mlinzi wa bwawa, Celestini, amekuwa akiiburuta juu ya mawe ili awaazimishe watu wavulie samaki. Celestini aliapa kwa majina ya watoto wake wote watano. Mhandisi alitaka barua ya kumwachisha kazi itoke siku ileile. Mzee Bulugu akamwomba asubiri mpaka Jumamosi, ajue kwanza sakafu imekufa kwa ugonjwa gani. Mimi nilikuwepo. Nilinyamaza.

Bulugu alikuwa hajawahi kushika faibaglasi. Jumanne alichanganya rezini, ile gundi ya faibaglasi, na dawa yake ya kuigandisha kwa makadirio ya jicho, kopo zima kwa mkupuo mmoja, na kopo likaanza kufuka moshi mikononi mwake. Alilitupa kwenye mchanga, kisha akachuchumaa kulichungulia kwa furaha iliyotushinda kuielewa. Moshi huo ndio uliomleta Bukuru, mkimbizi kutoka Rumonge aliyekuwa anasimamia foleni ya mabomba, ambaye kwao ziwani aliwahi kufanya kazi ya boti za namna hiyo. Bukuru alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akamfundisha kuchanganya kikombe kimoja kimoja, dawa kwa kuhesabu matone, na kungoja jua la saa sita kwa sababu asubuhi za Ngara ni baridi mno kwa rezini. Walibandika kiraka cha kitambaa cha nyuzi za kioo, kikakauka vizuri, wakapeana mikono.

Jumatano kiraka kilibanduka kizima kama ukoko wa ugali.

Fundi mwingine angekasirika. Bulugu alikigeuza kiraka, akakipitisha ulimi. Alichukua kijiko akaanza kuigonga sakafu, shubiri baada ya shubiri, sikio karibu. Penye uzima ililia kavu. Kwingine ililia kama boksi lililolowa. Akakata kipande cha ukubwa wa sinia. Chini ya faibaglasi kulikuwa na plaiwudi, nyeusi, imevimba, na harufu iliyotoka humo kila mtu wa Ngara anaijua. Ilikuwa rubisi iliyogeuka siki. Vibarua na mafundi walinusa kwa zamu. Bukuru alisema kwao harufu hiyo ni ya siku ya tatu baada ya arusi, na watu wakacheka. Nilicheka nao, ili nisionekane.

Alhamisi Celestini alikuja dirishani kwangu kurudisha koti la mvua na buti kabla hajadaiwa. Koti alikuwa amelifua na kulikunja. Aliniomba niandike vizuri, wasije wakasema pia ameiba. Niliandika, nikampa karatasi yake, akanishukuru. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Ijumaa asubuhi Mzee Bulugu alitukusanya wote karakana. Alieleza kwamba rezini haishiki palipolowa sukari, ndiyo maana kiraka kilimkataa. Amebakiwa na kopo moja tu. Akikata kwa kubahatisha, ama ataacha ubovu ndani ama ataimaliza boti, na kambi itaendelea kusafishiwa bomba na mtu anayeelea juu ya pipa. Alikuwa ameinama anaitazama boti wakati wote akizungumza.

"Simtafuti mwenye kosa," alisema. "Namtafuta mwenye habari. Juisi ilituama upande gani?"

Nikasikia sauti yangu inasema shikamoo Mzee, ilituama nyuma, chini ya benchi, na benchi nililifungua mimi.

"Marahaba, binti yangu," alijibu, akanipa chaki. "Hebu nichoree."

Nilichora sakafu na mahali pa benchi. Nilikuja tayari kwa kufokewa, nikakuta ni mtihani. Waliokanyaga walikuwa wangapi? Boti ilikaa juu ya nini, ardhi au magogo? Magogo mawili, nilisema, na akapiga paja: basi katikati ilikuwa inabonyea kila wanapokanyaga, na matundu ya skrubu yanafyonza. Tuliosha kwa maji ya moto au ya baridi? Unga wa mtama wa kuchachusha tuliutilia humohumo? Yeye ni Msukuma, mambo ya ndizi hayakuwa yake, na nadhani alijifunza rubisi yote siku hiyo, kuanzia kuvundika mpaka kukamua. Aliporidhika alifuta mikono, akanisindikiza ofisini kwa mhandisi, akasimama mlangoni mpaka nilipomaliza kusema.

Barua ya onyo imo kwenye faili langu hadi leo, na ni halali yangu. Celestini alirudishiwa koti na buti siku hiyohiyo. Alikaa mpaka Krismasi bila kuniitikia salamu, na hilo pia lilikuwa halali yangu.

Boti ilikatwa kwa kufuata mstari wa chaki. Ilianikwa siku tatu, ikapigwa msasa mpaka ikatoa vumbi jeupe, ikawekewa plaiwudi mpya iliyopakwa rezini pande zote mbili, kisha tabaka tatu za kitambaa. Matundu nane ya skrubu Bulugu aliyaziba kwa mkono wake kabla ya kurudisha benchi. Sakafu hiyo haijavuja tena. Kambi ile ilifungwa mwishoni mwa 1996, boti ikahamishiwa bwawa jingine, na sasa inafanya kazi kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliobaki. Mafundi kumi na wanne waliopita mikononi mwa Bulugu wote wanajua kugonga kwa kijiko kabla ya kushika msumeno.

Hapo ndipo nilipopanga kuishia. Lakini wiki iliyopita mama Suzana, mke wake, alikuja stoo kurudisha ovaroli za mzee, tukakaa kupiga soga. Akakumbuka arusi ya Anatoli. Sikujua kama walikuwepo. Walifika jioni, wageni wakiwa wengi. Alisema mumewe, kama kawaida yake, alizunguka nyuma ya jiko kuona mambo yanavyoendeshwa, akaikuta boti yetu imeegemezwa mgombani inachuruzika maji. Akaigonga kwa vidole. Akarudi kukaa, akanywa vibuyu viwili, hakusema kitu.

Kwa hiyo mahali juisi ilipotuama hakupajua kweli, wala habari za benchi. Ila wa kumuuliza alimjua tangu Jumatano, harufu ilipotoka. Kutoka karakana mpaka ofisini kwa mhandisi ni hatua arobaini, na hakuzipiga kwenda kunitaja. Aliweka msumeno chini na kuuliza swali mbele ya watu wote, huku macho yake yakiwa kwenye boti, yasinifikie mimi.

Mzee Bulugu, wenzako wote wa mradi wanakuombea afya njema huko Nyamahanga, mvua za kutosha, na majirani wenye vitu vilivyoharibika kwa namna ambayo hujawahi kuiona. Mimi nina langu moja la kuongeza. Asante kwa kunisubiri.