Ardis Tveit na Milango ya Mwezi Machi

Mchungaji, majirani wa Vinje, na nyote mlioacha magari barabarani mkatembea kwenye theluji hadi hapa kanisani, familia imenipa mimi, Dale Brandvold, mkwe wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake, na ninaomba mnivumilie, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo mji huu haujalitamka kwa miaka sabini, na yeye mwenyewe aliacha barua kwa mwandiko wake, yenye agizo kwamba lisiposomwa hilo, basi tusisome chochote, tuimbe twende tukanywe kahawa.

Ardis Marie Tveit alizaliwa tarehe 14 Novemba 1938, katika shamba la wazazi wake, Halvor na Borghild Lunde, maili nne mashariki mwa Vinje, Dakota Kaskazini, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, na mdogo wake, Torger, alizaliwa mwaka 1942. Mwaka 1946 Halvor alijenga nyumba mpya, akampa kazi Alvin Kjos kwa sababu moja tu, kwamba Alvin alikaa benchi la mbele yao hapa kanisani, mtu mpole mwenye sauti nzito ya kuimba, na kwetu sisi kumwuliza mwenzako wa kanisani amechimba msingi futi ngapi ni sawa na kumwita mwongo mbele za watu, kwa hiyo Halvor hakuuliza, akahamia.

Mnajua wote kwamba msingi wa kijuujuu huinuliwa na barafu ya ardhini, fremu ikapinda na mlango ukakwama, na mlango ule ulikwama tangu baridi ya kwanza, wakauzoea, wakawa wanausukuma kwa bega. Jumapili tarehe 23 Januari 1949, asubuhi, wazazi wakiwa zizini wanakamua na Ardis ametoka kuwapelekea ndoo, bomba la jiko lilishika moto, Torger akiwa ndani peke yake, madirisha yamepigiliwa mbao za kuzuia baridi, na mikono ya mtoto wa miaka sita haikutosha kuuvuta mlango ule. Ardis alifika wa kwanza, akausukuma, akamsikia akilia, "Dada, haufunguki, sukuma!" akasukuma hadi bega likateguka, na baba yake alipofika na shoka walikuwa wamechelewa.

Majirani walileta vyakula kama desturi yetu, Alvin Kjos naye akaleta sufuria ya viazi na nyama, akashikana mkono na Halvor, na hakuna aliyesema neno juu ya msingi, wala siku ile wala Jumapili zilizofuata, ingawa mabenchi yalikuwa yale yale. Ardis, mwenye umri wa miaka kumi, alikaa akikitazama kisogo cha Alvin ibada nzima, na ameandika kwamba alikuwa na hasira na Alvin, lakini alikuwa na hasira zaidi na sisi wengine.

Alimaliza sekondari hapa Vinje mwezi Mei 1956, akasomea ualimu miaka miwili, akaanza kufundisha darasa la tatu Septemba 1958, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 1998, na wengi wenu mliomo humu mlisimamishwa kando ya dirisha lake kwa kuchelewa. Tarehe 18 Juni 1960 alifunga ndoa na Orrin Tveit, mkulima wa ngano, wakahamia nyumba ya zamani ya wazazi wa Orrin, ambayo nayo mlango wake ulikuwa unakwama, na bibi harusi alikwenda na shoka la baba yake, akaliegemeza ndani kando ya mlango, hata Orrin akazoea kuwaambia watu, "Wenzangu wanaletewa mashuka, mimi nimeletewa shoka." Walijaliwa watoto wawili, Ingrid, aliyezaliwa tarehe 4 Mei 1965, na Paul, tarehe 9 Agosti 1968.

Tarehe 12 Januari 1971 Ardis alitoka kumwaga majivu, mlango ukajifunga nyuma yake na kukwama, watoto wawili ndani, jiko linawaka, na shoka nalo liko ndani. Alisukuma kwa bega lile lile, Ingrid akimwita kutoka upande wa pili, kwa muda ambao Orrin alisema haukufika dakika kumi na Ardis hakuwahi kukubali kwamba ulikuwa mfupi kiasi hicho, hadi Orrin alipokuja na mtaimbo wakafungua, hakuna kilichoungua, Paul alikuwa amekaa sakafuni na kikombe cha maziwa, na Ardis akasema, "Orrin, tunajenga, na fundi nitamtafuta mimi."

Alingoja hadi Machi, barafu inapokuwa imeshuka chini kabisa ardhini na milango mibovu hukwama zaidi, akataka kila fundi ampe majina ya watu aliowajengea miaka mitano au zaidi iliyopita, kisha akaenda nyumba hadi nyumba akibisha hodi na kuomba aruhusiwe kufungua milango. Fundi wa kwanza, milango yake ilikuwa imepakwa nta ya mshumaa pembeni ili isikwame, wa pili, ilikuwa imepigwa randa juu hadi imebaki mshazari, na wa tatu alikataa kutoa majina, akamwuliza, "Kwani mama unajenga au unaposwa?" Wilaya nzima ilinong'ona, Orrin akakosa raha hadi akamwambia, "Ardis, watu watatusema," naye akamjibu, "Watuseme, angalau safari hii watakuwa wamesema kitu."

Mwishoni mwa mwezi alifika wilaya ya jirani, akakuta nyumba saba ambazo milango yake ilifunguka kwa kidole kimoja, na alipouliza fundi ni nani, mwenye nyumba ya saba akamwambia, "Ni Delmar, kijana wa Kjos wa Vinje." Alirudi kwenye gari akakaa humo hadi vioo vikaganda kwa pumzi yake, alitaka kwenda nyumbani, lakini watoto walikuwa bado wanalala nyuma ya mlango ule mbovu, akaenda hadi karakana ya Delmar, akasimama mlangoni na kuuliza alilokuja kuuliza.

"Unachimba futi ngapi?"

"Saba, dada Ardis."

"Na baba yako alichimba ngapi kwetu?"

Delmar aliweka msumeno chini, akasema, "Mbili na nusu. Majira ya kuchipua baada ya moto alinipeleka pale penye majivu, nikiwa na miaka kumi na miwili, akanipa koleo nipime mwenyewe. Alikuwa anangoja mtu amwulize. Alingoja hadi akafa."

Msingi ulichimbwa Julai 1971, na Delmar hakumwaga zege hadi Ardis aliposhuka shimoni na fimbo ya kupimia, wakahamia tarehe 30 Oktoba, lakini shoka lilibaki kando ya mlango, na kila Machi Delmar alikuja, akaufungua kwa kidole, akalitazama shoka, akanywa kahawa, akaenda zake, hadi Machi 1976, baridi ya tano, Ardis alipolichukua akampa.

Orrin alifariki tarehe 3 Septemba 2007. Ardis aligundulika na ugonjwa wa moyo mwaka 2017, akakataa kuhamia mjini, na Jumatano tarehe 6 Machi 2019, saa tatu asubuhi, dhoruba ikiwa imefukia ngazi, alizidiwa, Ingrid akaita gari la wagonjwa, na vijana walipofika tulisikia wakikanyaga theluji barazani, Ardis akashika mkono wa binti yake kwa nguvu iliyotutisha, akauliza, "Umefunguka?" na Ingrid akamjibu, "Umefunguka, mama, wameshaingia," ndipo akauachia mkono, na hakusema tena hadi alipofariki siku hiyo.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na barua hii. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, vijana wa gari la wagonjwa, walimu wenzake, majirani waliozoa theluji tangu alfajiri, na Bwana Delmar Kjos, aliyekaa leo benchi moja nasi, ambaye jana alikuja bila kuitwa, akaufungua mlango wa nyumba ile kwa kidole kimoja, akaushikilia wazi hadi jeneza likapita.

Pumzika kwa amani, mama, leo mbele za watu tumeuliza.