Kusalimia Koko wa Da Nang

Kona yetu iko commune ya Tshopo, hapa Kisangani, pale maji ya mvua yanapochelewa kukauka. Mimi Khadija nachemsha kahawa ya tangawizi. Wengine wanaleta maneno. Djuma, mwenye moto ya taxi, yaani pikipiki, tunamwita Ministre kwa sababu hajawahi kukosa jibu. Papa Augustin, mtu wa Yanonge, tunamwita Lokole, kwa ile ngoma ya mti ambayo watu wa mtoni walitumiana nayo habari. Asubuhi ile ukungu ulikuwa bado umelala barabarani, na Mama Agathe alikaa kati yao wawili, simu imezimwa mapajani.

Mtoto wake Trésor alienda kusoma Vietnam, akaoa huko Da Nang, na sasa amepata binti. Tiketi ya Agathe ilikwisha kufika. Lakini Jumapili, kwenye simu ya video, alimsalimia mama ya mkwe wake, yaani koko mwenzake, bibi wa mtoto kama yeye, na nyumba nzima kule ikacheka.

— Trésor alinifundisha, akasema. “Chào” ni salamu, “bà” ni koko. Kumbe mi nilinyoosha sauti. Ukiinyoosha, kwao inakuwa papa, ni kusema baba. Nimeita mama ya batu papa!

— Na yeye mwenyewe alicheka? akauliza Djuma.

— Hapana. Aliniangalia tu, kisha réseau ikakatika. Tangu pale naogopa simu. Nitabeba vipi mutoto mbele yake, kama hata salamu inanishinda?

Djuma akaweka kikombe chini.

— Mama, sikia. Kwao sauti inapanda, inashuka, ingine inavunjika katikati. Ndiyo maana wazee walisema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu gani tena, Ministre? nikamuuliza.

— Guu ya sauti! Mvua ya kule iko nguvu sana. Neno ikitoka mu kinywa, mvua inaisukuma chini.

— Na jua ikiwaka?

— Inapanda. Donc unaangalia kwanza mawingu, kisha unasalimia.

Papa Augustin akacheka mpaka kahawa ikammwagikia.

— Wacha uongo. Bale ni batu ya maji kama sisi. Mto yetu inaingia bahari, bahari inazunguka, siku moja inafika kwao. Ilibeba ngoma zetu zote. Kwetu Yanonge pia, neno moja ukiipandisha ni kitu ingine, ukiishusha ni kitu ingine. Walituokotea sauti!

— Walirudisha? akauliza Djuma.

— Mama Agathe ndiye anaenda kuichukua. Agathe, weka ile sauti Trésor alikutumia, tusikie.

Agathe akasita, kisha akawasha simu. Sauti ya Trésor ikatoka, nyembamba, kama ya mtu anayeongea ng'ambo ya mto. Papa Augustin akasikiliza amefumba macho. Akagonga benchi kwa vidole: chini, chini tena.

— Maneno yote mbili inashuka. Pole pole, kama mutumbwi inaingia mu maji. Usiisukume.

— Chào bà, akasema Agathe.

— Shusha tena.

— Chào bà.

Tukarudia wote. Djuma alikataa mteja kwa mkono, midomo yake ikiendelea kusalimia. Ukungu haukuwa umeondoka, na kwa muda kidogo mimi sikujua tena kona ile ni ya mji gani.

Ndipo akafika Nadège, mwanafunzi wa université, kutafuta kahawa. Akasikiliza amesimama. Tukamweleza safari yote.

— Bon, akasema. Na ule koko mwengine, yeye iko najifunza neno gani ya kwetu?

Hata Ministre hakujua; hakuna kati yetu aliyewahi kufikiri jambo hilo. Mimi nikamwona akilini mama yule wa Da Nang, kwenye benchi fulani ya kwao, watu wake wamemzunguka, wanamdanganya juu ya mvua ya Kisangani, naye midomo yake inajaribu, inakosea, inajaribu.

Mama Agathe akaleta simu karibu na kinywa, akabonyeza pa kurekodi sauti ya kutuma Da Nang.

— Chào bà.

Sauti ikashuka vizuri. Akavuta pumzi, akaongeza salamu ya kwetu.

— Mbote, koko. Mbo-te.

Akarudia tena, taratibu, kama anayemlisha mtoto.