Agar Kasika, Aliyemchemshia Salomon Majani ya Ini

Ndugu, majirani na waamini mliofika hapa Butembo kulia pamoja nasi, familia imemtuma Phinées, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya Agar Kasika bila kupunguza kitu.

Agar alizaliwa Mangina tarehe 14 Machi 1981, mtoto wa kwanza wa baba Gamaliel na mama Léa, wakulima, akasoma shule ya msingi palepale, kisha sekondari mjini Beni mpaka diploma yake mwaka 2000, lakini kazi aliyoipenda ni ile aliyofundishwa na mama yake, kujua majani, na kuanzia mwaka 2002 aliuza dawa za miti sokoni Butembo, akijulikana hasa kwa mubirizi, yale majani machungu ambayo wagonjwa wa ini waliyatafuta kwake, naye Agar alimwambia kila mmoja aende kwanza hospitali.

Tarehe 9 Agosti 2003 alifunga ndoa na Salomon Muyisa, mchuuzi wa pièces, vipuri vya pikipiki, wakajaliwa watoto wawili, Eliane na Zorobabel. Mwaka 2019 Salomon alivimba tumbo, macho yakageuka manjano, hospitalini wakamkuta na virusi vya homa ya ini, wakampa dawa, naye Agar akaacha soko ili amuuguze, akamwosha, akamlisha, akamchemshia mubirizi baada ya daktari kumweleza kwamba majani hayo huenda yakalinda ini lakini hayaui virusi, mpaka mume wake akasimama tena. Daktari huyo alikuwa amemwagiza Salomon, Agar akiwa hayupo, amlete mke wake apimwe, kwa kuwa virusi hivyo huambukiza, lakini Salomon hakumwambia mke wake.

Mwaka 2021, akiwa na nguvu zake tena, Salomon alimleta nyumbani mwanamke mwingine, Nadège, na mbele ya ukoo wote akamwonyesha Agar kidole, akasema, “Huyu mwanamuke anajua dawa, donc anajua na sumu, njo yeye alinigonjwesha,” hivyo Agar akafukuzwa, na sokoni watu wakaanza kuipita meza yake kwa mbali.

Mwezi Mei 2024 alipatikana na saratani ya ini, iliyoletwa na virusi vilevile, na daktari yuleyule alishangaa kusikia kwamba hakuwahi kuambiwa. Kwa kuwa mti wake wa mubirizi ulibaki uani kwa Salomon, alimtuma Eliane akaombe majani, Salomon akajibu, “Ambia mama yako ajiponyeshe, si yeye njo docteur?” Eliane alirudi mikono mitupu akilia, na mama yake akamwambia, “Nilikuwa najua haitanisaidia tena, nilipenda tu nione kama atakatala.”

Alifariki tarehe 3 Februari 2025, akiisha kumwagiza Phinées neno la kusomwa hapa mbele ya watu wote: Nadège, wewe unayeketi kando ya Salomon, nenda ukapimwe, wewe na mtoto unayemnyonyesha, usingoje ugonjwa ndipo Salomon akuambie.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliomchotea maji, na wamama wenzake wa sokoni waliokuja kumwomba msamaha angali anasikia. Kwa Salomon, marehemu hakuacha neno lolote.

Agar, dada yetu, umechoka vya kutosha, pumzika kwa amani.